Salamu ya Immakulata Ilivyopigwa Bugini Kibondo

Kasulu, 12 Agosti 1975

Mpendwa Bi Kuruthumu,

Kabla sijakuomba msaada, na msaada nauhitaji kwelikweli, nataka ujue kwanza unaandikiwa na nani, nisije nikachanganywa na wale wanaokuandikia kila wiki kwamba wameachwa na wachumba. Mimi ni Tamimu, mpiga gitaa la solo na mwimbaji wa Nyota Jazz ya hapa Kasulu, na nikikohoa kwenye kipaza sauti hapa Kasulu watu wa Kibondo wanainuka kucheza kabla hawajaambiwa ni wimbo gani. Mkono wangu huu wa kushoto ungezaliwa Kinshasa, leo ungekuwa na gari lake na dereva wake. Shule nimeishia darasa la tano, si kwa kushindwa, mwalimu mwenyewe alisema hana zaidi cha kunifundisha, aliyoyasema baada ya hapo nimeyasahau, na siku za kazi natengeneza baiskeli pale sokoni, na hata spoku za gurudumu nikizigusa zinatoa sauti tamu kuliko magitaa ya bendi fulani ninazozijua.

Sasa mtu huyohuyo ninayekueleza, tangu juzi Jumapili hali wala halali, gitaa limelala chini ya kitanda na sijaligusa, mteja kaniletea pancha nikaziba tairi zima kumbe lililotoboka ni la nyuma, na mama ananitazama kama mtu aliyerogwa. Nimeshtuka, Bi Kuruthumu.

Mambo yalianza na ubishi juu ya muziki. Huku kwetu ukipiga dansi unagombana na watu wa pande mbili. Upande wa kwanza ni wazee kama baba yangu mdogo Hilali, mwenye duka la vitambaa, amekaa Ujiji, amekaa Tanga, anajua mambo ya pwani, na kila nikipita na suruali yangu ya bugaluu anasema dansi ni uhuni na kelele za watu wasio na jembe. Mimi humjibu kwa adabu kwamba mtu amelima Nyakitonto wiki nzima mgongo umekunjika, Jumapili anavaa shati lake la rangi ya chungwa, anatembea saa tatu kuja kusikia gitaa, anacheza, anatoka jasho, anarudi kwake amenyooka na Jumatatu analima tena, sasa uhuni uko wapi hapo, na mbona baba mdogo mwenyewe redio ikilia nimemwona nyuma ya kaunta mguu unagonga sakafu. Hapo huanza kukunja vitambaa.

Upande wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu ni wa wapigaji wenzangu, na mkubwa wao ni Evaristi. Huyu ndiye solo wa bendi ya Kibondo, amesoma mpaka chuo cha ualimu, anavaa miwani ambayo naamini haina nguvu yoyote. Yeye hasemi dansi ni mbaya. Anasema dansi ni nzuri ila mimi ni mwizi. Alikuja Kasulu mwezi wa sita, akakaa kwa kinyozi, akawaambia watu, "Tamimu hana nyimbo, ana masikio." Kinyozi akacheka mpaka akamkata mtu. Mimi nilikuwa mlangoni nikamjibu kwamba yeye hata masikio hana, na ubishi ukawaka mpaka waliokuja kunyolewa wakasahau kunyolewa.

Hoja yangu ilikuwa hii, nawe uipime. Nani hajachukua? Mimi nimejifunza solo kwa kutegea redio za ng'ambo ya ziwa, sikatai, lakini wale Wakongo nao wamechukua kwenye santuri zilizovuka bahari, na waliorekodi zile santuri nasikia ni wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka huku huku kwetu, kwa hiyo mdundo ni wetu, ulitembea tu, umerudi nyumbani, na mtu haibi mali yake. Na fundi cherehani anashona shati, hakuna anayemwuliza kola kaanza kuikata nani. Waliokuwepo wakasema Tamimu kasema kweli. Evaristi akafuta miwani yake taratibu akasema kola haina jina la mtu ndani yake, na kama mimi ni msanii basi nije Kibondo Jumapili ya tarehe kumi Agosti kwenye bugi, dansi la mchana, ukumbi wa maendeleo, kila bendi ipige wimbo mmoja ambao hajausikia mtu, na mtunzi asimame mbele ya watu aape kwamba kautoa kichwani mwake. Nikakubali kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo.

Utauliza, wimbo ulikuwa nao? Nilikuwa nao, kwa namna fulani.

Mwezi wa tano nilikwenda Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, kwa baiskeli ni safari ya siku moja ukianza alfajiri, kumwona shangazi yangu Asia. Jirani yake ni mama mmoja Mrundi anaitwa Immakulata, alivuka na wenzake wakati wa vita vya mwaka wa sabini na mbili, amepewa shamba kidogo, analima maharage. Kama hujui, wanawake wa Kirundi wakikutana husalimiana kwa kuimba, ni salamu ndefu wanaiita akazehe, mmoja anatangulia na mwenzake anaitikia ndani ya maneno yake, sauti zinapishana kama vidole vya mikono miwili, na humo wanatajana majina, we mtoto wa fulani, we uliyezaliwa siku fulani, amani kwako, amani kwa ng'ombe wako. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu kwa hiyo nilishika karibu yote.

Sasa mama huyu alikuwa peke yake uani anapukuchua maharage, na anaimba ile salamu. Anaimba kipande, ananyamaza. Mikono inaendelea na maharage, mdomo umefungwa, halafu anaanza kipande kingine palepale panapotakiwa, hakosei hata kidogo, kama mtu mwenye bendi nzima ambayo wewe huisikii. Bi Kuruthumu, mimi ni mpigaji, nakuambia nywele zilinisimama. Nikamwuliza shangazi mbona ananyamaza. Akaniambia, "Anamsalimia binti yake Esteri. Walipotezana siku ya kuvuka. Hapo anaponyamaza ndipo pa Esteri." Halafu akaniangalia, maana ananijua toka nikiwa mdogo, akasema nisithubutu kuubeba ule, si wimbo wa dansi, ni salamu ya watu wawili, tena ya wanawake. Nikamwambia shangazi sina hata mpango.

Niliubeba. Nilirudi nao Kasulu njia nzima nikiupigia miluzi milimani, na nilipofika nikaukimbiza mwendo, nikauwekea tumba na besi, mwisho nikauwekea sebene la kuvunja kiuno, na zile sehemu za kunyamaza nikazijaza solo yangu, maana dansi likinyamaza watu wanadhani mashine ya umeme imezimika. Maneno sikubadili. Yalikaa vizuri mno kwenye mdundo. Esteri, amahoro, yaani amani, mtoto wa Havyarimana, uliyezaliwa siku ya mvua ya mawe. Nikasema nani Kibondo atamjua Esteri.

Jumapili ikafika, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Evaristi akapiga wake, ulikuwa mzuri, nasema kweli, ila ulikuwa mzuri kama daftari lililosahihishwa. Mimi nikapanda, nikaapa kwa kipaza sauti kwamba nauleta wimbo uliotoka kichwani mwa Tamimu na si kwingine, wakashangilia, nikaanza.

Nikaimba kipande cha kwanza, nikaingia na solo, na ndani ya solo nikasikia sauti ya mwanamke. Nikadhani ni mtu amefurahi. Kipande cha pili, sauti ile tena, palepale, na maneno yake yalikuwa ni majibu. Anaitikia. Ilikaa pale vizuri kuliko gitaa langu lilivyokaa, kama mlango na fremu yake. Kipande cha tatu vidole vyenyewe viliacha nyuzi, yule mwanamke akaitikia peke yake, tumba zinaenda chini yake, na watu wakapiga vigelegele wakidhani tumepanga. Hata Evaristi alipiga makofi.

Alikuwa karibu na mlango na wenzake, msichana wa miaka kama ishirini, kitenge cha kijani. Akaja katikati ya wachezaji, hachezi, anatembea tu, watu wanampisha, akasimama chini yangu pale jukwaani. Wenzangu wakaacha kupiga mmoja mmoja. Nje mashine ya umeme tu inanguruma. Akasema, "Kaka, Esteri ni mimi. Hayo ni maneno ya mama yangu, ananisalimia hivyo toka nikiwa mdogo. Umeyasikia wapi?"

Nikamjibu. Nilivyomjibu nitakueleza, usinikimbize. Aliniangalia kidogo, akasema samahani kaka, akageuka akarudi kulekule alikotoka, na wenzake wakamshika mkono wakatoka naye. Ukumbi ukalipuka, wakanibeba juu mabegani, nikatangazwa mshindi. Evaristi akavua miwani, akanipa mkono, akasema amekubali kwamba wimbo ni wangu.

Baadaye jioni wale wenzake wakaniambia habari zake, sikuwauliza. Anashona kwa fundi Felisiani, kibanda cha tatu kutoka soko la Kibondo. Kwa miaka miwili alimwuliza kila msafiri aliyepita kama amemwona mama yake, mpaka watu wakamwambia aliyeshindwa kuvuka amekwisha, akaacha kuuliza. Mwisho wa mwezi huu lori linawachukua yeye na wakimbizi wenzake kwenda makazi mapya huko Tabora, na wakishaondoka ni mbali.

Sasa swali langu nililotaka kukuuliza, wewe unayeandikiwa na wasanii, ni hili. Wimbo ule ni wa nani? Maneno ni ya mama, mdundo ni wangu, sebene ni la Wakongo, mapengo niliyajaza mimi. Watu wa Kibondo wanaupiga miluzi barabarani hivi sasa na wakiupiga wanasema ni wa Tamimu. Niuite wangu? Niuite nusu? Mwenye haki ni Evaristi au mimi?

Nimeandika swali hilo nikalisoma, nikaona siyo linaloninyima usingizi. Bi Kuruthumu, Evaristi alikuwa amesimama pale chini mikono kifuani, na Kibondo nzima inasubiri, na nilikuwa nimeapa. Yule dada aliponiuliza nilijua palepale ni nani na mama yake yuko nyumba ipi, mlango unatazama wapi. Nikamwambia kwa kipaza sauti, watu wote wanasikia, "Nimeutunga mwenyewe, dada. Esteri ni jina tu nimeliokota. Hakuna mama."

Tamimu
Kasulu

JIBU

Tamimu,

Barua yako imenifikia tarehe kumi na tisa. Nimeisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilicheka ulipofika kwa kinyozi. Mwishoni sikuwa na kicheko. Nimejibu barua za watu walioibiwa waume na watu waliofukuzwa makwao, lakini mtu anayejua mama yuko wapi na binti yuko wapi, ana baiskeli nzima tena ni fundi wa baiskeli, halafu anachukua kalamu na kuandika Dar es Salaam kuuliza wimbo ni wa nani, sijawahi kumpata.

Nianze na hilo la muziki, tulimalize haraka. Kwa baba yako mdogo umeshinda, na mlimaji wa Nyakitonto acheze, shati la chungwa na vyote. Kwa Evaristi umeshinda nusu. Hakuna mpigaji aliyeanzia hewani, na kuuchukua mdundo wa watu ukaufanya utembee ni kazi, si wizi, na nadhani kazi hiyo unaiweza. Lakini Evaristi alikuambia kola haina jina la mtu, wewe ukaenda kuchukua kitu chenye jina la mtu, jina la baba yake, na siku aliyozaliwa. Kama ungepanda jukwaani ukasema, huu nimeusikia kwa mama mmoja Munanila, nikauwekea tumba, ungeshindwa na Evaristi, angekutambia mwezi mzima, na Esteri angekuwa na mama yake wiki hiyohiyo. Kumtaja uliyemchukulia kuna faida hiyo ambayo nyinyi wenye majukwaa hamuifikirii kabisa. Wapo watu wanaotafutana.

Ulishtuka. Dakika ile naielewa. Kijana amesimama juu, ukumbi mzima unamtazama, hasimu yake mikono kifuani, ulimi ukaenda kule ulikozoea kwenda. Wengi wangesema ulivyosema. Ninachoshindwa kuelewa ni dakika iliyofuata, na jioni ile ulipoambiwa anashona kibanda cha tatu kutoka sokoni, na ulipoondoka kurudi Kasulu. Hapo hapakuwa na kipaza sauti. Ulikuwa wewe na miguu yako.

Nawe usijifariji kwamba ulimnyima habari tu. Alikuwa ameacha kuuliza, akainuka tena mbele ya watu, ukamkalisha.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, si kesho. Anza na Kibondo, kwa sababu Immakulata hana safari na lori linayo. Usiende na gitaa, wala na kundi la wenzako. Nenda kwa fundi Felisiani, mwambie Esteri mbele ya fundi kwamba ulisema uongo. Hatakuamini, na ana haki, kwa hiyo usianze kuapa, viapo vyako anavijua. Mwambie mama yake anapopukuchua maharage huimba kipande akanyamaza, na mwambie ananyamaza wapi na wapi. Hilo halitungwi. Kabla hujaondoka Kasulu mtume mwenzako mmoja wa bendi, awe wa tumba awe wa besi, aende Munanila amwambie shangazi yako Asia amlete Immakulata mjini Kasulu. Na siku binti atakapokuwa salama kwa mama yake, rudi kwenye ukumbi uleule wa Kibondo, shika kipaza sauti kilekile, sema ulichofanya, na Evaristi awepo. Wimbo usiupige tena mpaka wale wanawake wawili waseme, na wakisema hapana, ni hapana. Wakikubali, utakuwa unawataja kabla hujagusa uzi.

Usitarajie watakushukuru. Wala usiniandikie kunieleza walivyokupokea, niandikie kwamba wameonana.

Mimi sikukungoja. Nimepeleka simu ya maandishi Kibondo kwa jina la fundi Felisiani, lakini simu huchelewa, na huenda imekaa mezani kwa mtu. Safu hii huficha majina na vijiji vya wanaoniandikia. Safari hii nimemwomba mhariri asifiche hata kimoja, na amekubali. Anayesoma hapa akiwa Kibondo na anajua kibanda cha tatu kutoka sokoni, asimalize ukurasa huu. Aende nao.

Na wewe binti Esteri wa Havyarimana, maneno yaliyobaki ni yako. Mama yako Immakulata yuko Munanila, jirani na nyumba ya Asia. Mwezi wa tano ameonekana kwa macho, mzima, analima, na kila siku anakusalimia na kukuachia nafasi ya kuitikia. Yule kijana alikudanganya na amekiri kwa maandishi, barua yake ninayo mimi. Usipande lile lori.

Bi Kuruthumu